Jinsi Nilivyoacha Kuitafuna Zumari

Nina pengo la meno mawili chini, hapa mbele. Wajukuu wangu wakiniuliza huwa nawaambia yalitoka kwa uzee, kwa sababu mtoto akijua nyanya yake aliwahi kuwa mjinga hamsikilizi tena. Lakini sasa naandika, na kuandika uongo ni kazi mara mbili. Yale meno niliyatoa kwa hiari yangu nikiwa na miaka kama kumi na mbili, na niliyatoa kwa ajili ya zumari.

Sisi ni watu wa ziwa. Baba alitangulia kuja Kericho kutafuta kazi, akapata ya kulisha kuni kwenye kiwanda cha chai, kisha akatuita. Chai yenyewe ilikuwa bado ngeni katika vilima vile. Mashamba mengine upande wa Bomet yalikuwa ndiyo kwanza yanafyekwa. Tuliishi kambini, nyumba za duara zilizopangwa mistari, na asubuhi sisi watoto wakubwa tulikwenda na vikapu mgongoni kuchuma majani pamoja na watu wazima. Shule nilisoma miaka miwili tu, ile ya kanisa, jioni. Nilijua kusoma Injili na kuandika jina langu. Hayo mengine nilijifundisha.

Sasa, dada yangu mkubwa aliposwa na kijana wa kwetu ziwani aliyekuwa akifanya kazi kiwandani, pale juu ambapo majani hutandazwa yanyauke. Huyo shemeji yangu alikuwa amekaa jeshini miaka kadhaa, si kwa bunduki bali katika bendi, na alipotoka alitoka na zumari. Wazungu huiita klarineti. Nyeusi, ndefu kama mkono wangu, ina vyuma vinavyong'aa ubavuni. Hakukuwa na arusi katika kanisa la kambi ambayo hakuipuliza. Yeye alitangulia mbele, bibi arusi akafuata nyuma kutoka nyumbani kwao hadi mlangoni mwa kanisa, na watu walisema bibi arusi asiyetanguliwa na zumari ile hajaolewa, amehama tu.

Unaona shida ilipo. Bwana arusi hawezi kumtangulia bibi arusi wake. Yeye anatakiwa awe mlangoni anangoja.

Dada yangu alisikia hilo akalia kama aliyefiwa. "Wenzangu wote walipuliziwa! Mimi ambaye naolewa na mwenye zumari ndiye nitembee kimya?"

Shemeji akatazama huku na huku, akaniona mimi nimekaa mlangoni nachambua mboga.

"Huyu ana kifua," akasema. "Kila siku anawapigia kelele kuku wa kambi nzima. Shemeji, utaweza?"

"Nitaweza," nikasema, maana sikujua nilichoulizwa.

Tulikuwa na kama miezi miwili. Arusi ilipangwa Jumamosi moja baada ya mvua kubwa kupungua.

Kwenye zumari ya namna hiyo kuna kibanzi chembamba cha mwanzi, kimefungwa mdomoni mwa chombo, na hicho ndicho kinachotetemeka na kutoa sauti. Tulikiita ulimi. Ulimi ukipasuka, zumari ni kijiti tu. Shemeji alikuwa na ndimi tatu zilizobaki katika mkebe wa sigara, na nyingine hazikupatikana ila Nairobi, na Nairobi hatukuwa na mtu. Alinionyesha zote tatu siku ya kwanza, akaziweka kwenye kiganja chake.

"Moja ya kujifunzia. Moja ya kujifunzia tena, kwa kuwa nakujua. Ya tatu ni ya dada yako. Hizi zikiisha, atakwenda kanisani na sauti ya viatu vyake, na ujue mwenyewe utakavyoishi naye."

Tulijifunza jioni, chini karibu na kijito, kwenye mikaratusi iliyopandwa kwa ajili ya kuni za kiwanda. Vidole havikunisumbua. Mtu anayechuma chai ana vidole vyepesi. Wimbo wenyewe ulikuwa wa kanisani, naujua tangu mgongoni mwa mama. Taabu ilikuwa kuuma. Mdomo wa chini unatakiwa ukunjwe kidogo juu ya meno, uwe kama mto wa kulalia ule ulimi, kisha upulize. Mimi nikivuta pumzi tu, taya langu linafunga. Nikifika noti ya juu linafunga zaidi, utafikiri noti itaanguka nisipoishika kwa meno. Sauti ikatoka nyembamba kama ya panya aliyekanyagwa mkia. Ndani ya mdomo kulikuwa na alama nne zilizochimbika, nikinywa uji wenye ndimu naruka.

Mama alikuwa akipita na mtungi akasimama. "Mwanangu, hiyo unaipuliza au unaitafuna?"

"Napuliza, Mama."

"Basi kesho nitakupikia kabisa, usiile mbichi."

Wiki ya pili ulimi wa kwanza ukapasuka katikati, kwaa. Shemeji hakukasirika. Aliutoa akautazama juani, akasema, "Huyu ameuawa." Akauzika kwenye mchanga wa kijito kwa kidole, akavua kofia. Mimi sikucheka.

Usiku ule niliwaza. Niliwaza kwa akili niliyokuwa nayo. Shemeji hana meno ya chini. Wakati wake, kijana wa ziwani hakuhesabiwa mtu mpaka ang'olewe meno sita ya chini, na yeye aling'olewa kabla hajaenda jeshini. Baba yetu alikuwa mtu wa kanisa, akakataza sisi tusiguswe. Kwa hiyo nikapiga hesabu: shemeji hana meno, haumi. Mimi ninayo, nauma. Ilionekana wazi kama maji.

Lakini sita! Niliogopa sita.

Sasa wenyeji wa huko, Wakipsigis, nao walikuwa na desturi hiyohiyo, ila wao hutoa mawili tu. Na palikuwa na bibi mmoja wa Kipsigis aliyekuwa akileta maziwa ya kibuyu kambini, yale ambayo kibuyu chake husuguliwa mkaa wa mti ndani. Tulimwita Kogo, ndivyo watoto wao wanavyoita nyanya. Nilijua kwamba kwao ng'ambo ya mto yeye ndiye mwenye kale kachuma ka kung'olea meno. Jumapili baada ya ibada nikamfuata hadi kwake.

"Kogo, nataka unitoe meno mawili."

Akaniangalia toka kichwani hadi miguuni. "Nyinyi watu wa ziwa si mnatoa sita?"

"Mimi nataka mawili."

"Unaolewa na mtu wetu?"

"Hapana, Kogo. Nataka kupuliza zumari."

Akacheka mpaka akashika nguzo. Kisha akauliza kwa ukali, "Mama yako amekubali?"

"Amekubali," nikasema. Huo ulikuwa uongo, na Mungu hakungoja, alinilipa palepale. Sitaeleza ile kazi. Nitasema tu kwamba Kogo alikuwa na mkono mwepesi na kwamba nilikwenda nyumbani nimebeba meno yangu ndani ya jani la mgomba kama mtu aliyetoka sokoni.

Mama alinikalisha mbele ya moto akanifungua mdomo kwa vidole. Alihesabu. Akahesabu tena.

"Mawili," akasema. "Umekuwa Mkipsigis lini?"

Baba hakunipiga. Alininyamazia siku tatu, na afadhali angenipiga. Dada yangu yeye alinishika mabega akinitikisa: "Na ukivimba mpaka arusi? Eh? Utapuliza kwa sikio?" Lakini usiku huo nilimsikia akiamka kunichemshia maji ya chumvi.

Asubuhi Mama alimngojea Kogo pale maziwa yanapoteremshwa. Walisimama wakatupiana maneno, kila mmoja kwa lugha yake na Kiswahili kidogo katikati, mikono hewani, watu wameacha kwenda kazini kutazama. Kisha Kogo alipofahamu kwamba nilimdanganya, aligeuka akanijia mimi. Wakawa wawili. Sijawahi kugombezwa kwa lugha tatu namna ile tena. Mwisho wake Kogo alimwachia Mama kibuyu kizima cha maziwa, ya mtoto asiyeweza kutafuna, na kuanzia siku hiyo walikuwa marafiki mpaka Kogo alipofariki. Kwa hiyo walau Mama alifaidika na meno yangu.

Uvimbe ulipokwisha nikarudi kijitoni, nimejaa matumaini. Shemeji akafunga ulimi wa pili. Nikavuta pumzi. Nikauma.

Niliuma kuliko mwanzo. Meno ya kati hayapo, basi yale ya pembeni yakafanya kazi ya wote. Sauti ilitoka kama mlango mbovu, na kabla ya kumaliza ubeti ulimi wa pili ukapasuka kona zote mbili.

Nikakaa chini kwenye majani nikalia. Nililia kwa ajili ya meno, kwa ajili ya ndimi mbili, kwa ajili ya dada yangu atakayetembea kimya. Shemeji alikaa karibu nami akaanza kufuta zumari kwa kitambaa, polepole.

"Nani alikuambia kwamba mimi siumi kwa sababu sina meno?"

Nikajifuta pua kwa mkono.

"Tazama." Akafunua mdomo wa chini, na nyuma yake ufizi ulikuwa umekomaa kama kisigino. "Mwaka mzima wa kwanza jeshini niliuma kwa ufizi. Mkuu wa bendi alikuwa akinigonga kidevu kwa kijiti chake. Shemeji, meno hayana kosa. Kinachouma ni woga. Unaogopa noti itakukimbia, unaikaba shingo."

"Basi uliachaje?"

"Nilichoka kugongwa."

Hilo halikunisaidia, nami sikuwa na mwaka. Nilikuwa na wiki tatu na ulimi mmoja, na huo haukuruhusiwa kuguswa.

Shemeji akaiweka zumari chini. Kisha akavuta kikapu changu, nilikuwa nimekuja nacho toka shambani na kilibaki na majani machache chini. Akatoa chipukizi moja, majani mawili na kichwa, akalipindua.

"Hili umelichuma saa ngapi?"

"Mchana."

"Na bado ni la kijani. Hakuna alama ya kucha."

Nikamwambia bila shaka hakuna. Hilo ndilo jambo la kwanza unalofundishwa. Nyapara wetu alikuwa Mkipsigis mrefu mwenye koti la mvua lililomfika miguuni, na kila asubuhi wimbo wake ulikuwa mmoja: msifinye kwa kucha, vunja kwa nyama ya kidole. Jani la chai ukilibana kwa kucha, pale ulipobana panageuka pekundu kabla hujafika kwenye mizani, na nyapara akiliona analitupa. Mwaka wangu wa kwanza alitupa nusu ya kikapu. Sasa vidole vyangu vilijua vyenyewe. Vilishika chai kwa uthabiti, na jani halikusikia.

"Kwa hiyo mkono wako unajua," shemeji akasema. "Mdomo ndio haujasoma." Akachukua lile chipukizi akaliweka mdomoni mwangu, mdomo wa chini umekunjwa, meno ya juu yakiligusa tu. "Shika hapo. Lisianguke, lisiumie. Kesho utachuma kutwa nzima hili likiwa mdomoni. Jioni nitalikagua mimi. Likirudi la kijani siku tatu mfululizo, nafunga ulimi wa tatu."

Kesho yake nikaingia shambani na jani mdomoni. Kabla ya mstari wa pili limekuwa jekundu lote, limeloa, limekatika. Nikaweka lingine. Nyapara akaniona toka mbali, akaja na koti lake likipiga magoti.

"Wewe! Sasa mnakula? Nina mbuzi kwenye shamba langu?"

Sikuweza kujibu, nimeshika jani. Nikatikisa kichwa.

"Mbuzi asiyesema hata mee," akasema, na mstari mzima ukaangua kicheko. Toka siku hiyo waliniita Mbuzi. Nikipita kuna mtu anasema mee. Nilitamani kuwatukana lakini ningefungua mdomo jani lingeanguka, na nikikasirika, taya linafunga, jani linakufa. Hapo ndipo nilipoanza kujifunza. Niligundua kwamba naweza kukasirika kifuani na kuuacha mdomo nje ya ugomvi. Niligundua pia kwamba nikiinua kikapu kizito, nauma. Nikiteleza kwenye tope, nauma. Nyapara akinikaribia nauma kabla hajasema kitu. Kumbe kutwa nzima nilikuwa nikikaza taya bila kujua.

Jioni shemeji alitoka kiwandani, nguo zinanuka majani yaliyonyauka, akanyoosha mkono. Nampa jani. Analipeleka juani. "Jekundu hapa. Hapa ulifanya nini?"

"Niliona nyoka."

"Nyoka nakusamehe. Na hapa?"

"Dada alisema mee."

Wiki ya pili likaanza kurudi na doa moja tu. Nilikuwa naimba ule wimbo kwa pua huku nachuma, jani limelala pale kama mtoto mgongoni, vidole vinavunja, mdomo unashika, na siku nyingine nilisahau kabisa kama lipo. Siku niliyolisahau ndiyo siku ya kwanza liliporudi la kijani. Hata nyapara alizoea. Alikuwa akipita ananiinua kidevu kwa kidole kimoja, anakagua, anasema, "Hili linapita," kisha anaendelea kuwagombeza wengine.

Siku ya tatu ya kijani ilikuwa Jumatano. Arusi ni Jumamosi. Shemeji akafungua mkebe.

Nilipopuliza sikuitambua ile sauti. Ilikuwa pana, yenye mafuta, ilitoka ikatambaa juu ya kijito hadi kambini. Kuku hawakukimbia. Mama alitoka nje na mwiko mkononi akasimama bila neno, na kwa Mama hilo lilikuwa jambo kubwa. Shemeji aligeukia upande mwingine akajifanya anatafuta kitambaa chake.

Jumamosi ikaja na wingu jeusi juu ya kilima, kama kawaida ya Kericho, lakini mvua ikavumilia. Nilivaa gauni la dada lililokunjwa mara mbili kiunoni. Alipotoka nje, mweupe toka kichwani hadi miguuni, akaniinamia sikioni.

"Usinitafunie arusi yangu."

"Wewe tembea," nikamwambia.

Tukashika njia ya katikati ya chai. Mwanzo nilipuliza vizuri. Watu walitoka kambi zote, wa ziwani, wa vilima vya Kisii, wenyeji, wamesimama kwenye mistari, na wanawake wakaanza vigelegele. Kogo alikuwepo na kibuyu kimefungwa shanga. Lakini tulipopinda na kanisa likaonekana na umati wote mbele yake, nikapunguza mwendo. Nikasikia taya linapanda. Sauti ikaanza kukonda. Nikajiambia legea, na ukijiambia legea ndipo unapokaza. Noti ya juu ilikuwa inakuja, ile ya mwisho wa ubeti, nikaiona inavyokuja kama ng'ombe aliyekata kamba. Nyuma yangu dada akavuta pumzi kwa nguvu. Naye alisikia.

Nikainua macho. Shemeji alikuwa mlangoni, koti la kuazima limemfika vidoleni. Wengine huweka ua kifuani. Yeye alikuwa ameweka chipukizi la chai, na nilisikia baadaye watu walidhani amekosa ua. Aliniangalia. Mbele ya mchungaji na mbele ya kambi nzima, bwana arusi akachomoa lile chipukizi kifuani, akalitia mdomoni katikati ya midomo, akasimama wima kama askari.

Na kutoka katikati ya watu sauti ya nyapara ikasema, "Mee."

Nilicheka. Mtu hawezi kucheka na kuuma kwa wakati mmoja, jaribu mwenyewe uone. Taya likashuka, pumzi ikapita, na ile noti ya juu ikatoka kubwa kuliko zote, ikayumba kidogo kwa kicheko, ikasimama. Niliishika mpaka dada yangu akakanyaga kizingiti. Ulimi ulikuwa mzima. Vigelegele vikanifunika nisijisikie.

Nikashusha zumari. Shemeji akalitoa lile jani mdomoni ili aende kumpokea bibi arusi, akaliangalia, akanionyesha kwa siri chini ya mkono wa koti. Lilikuwa jekundu lote, limesagika, kichwa kimekatika kabisa.

"Ningejuaje kama dada yako angefika?" akanong'ona.

Nyapara alikuwa amesogea. Alilichukua jani lile kwenye vidole vyake, akalipindua mara moja kama afanyavyo mizanini, akalitupa nje ya mlango.

"Hili halipiti," akasema. "Ingia ndani uoe."